Jivu Katikati ya Gharika

Kuku wa Bibi Subilaga walikufa wote asubuhi moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha. Walikutwa kwenye kibonde nyuma ya migomba, pale walipozoea kuchakura, wamelala na mabawa yamekunjwa vizuri kana kwamba wamesinzia. Mbwa naye alikuwa katikati yao, ulimi nje.

Tusajigwe alifika akihema. Alikuwa ametoka nyumbani bila kunywa hata chai, kipima hewa kikining'inia shingoni. Bibi Subilaga, mjane aliyekaa peke yake mwisho wa mji, alikuwa amesimama ukingoni mwa kibonde akiegemea fimbo.

"Umeshuka huko, bibi?"

"Nilishuka kidogo, nimvute mbwa. Kichwa kikazunguka, magoti yakaniishia nguvu. Nimerudi kwa kutambaa." Bibi akameza mate. "Mwanangu, ni sumu? Kuna mtu amenichukia kiasi hiki?"

"Si mtu, bibi."

Tusajigwe alifunga kipima hewa kwenye kamba, akakiteremsha taratibu. Kilipokaribia chini, usawa wa magoti, kikaanza kulia kwa sauti kali, na hakikunyamaza mpaka alipokivuta juu. Hewa nzito. Haina rangi wala harufu. Hutambaa chini kama maji na kujaa popote penye shimo. Watu wa milima ile ya Rungwe waliijua tangu zamani, lakini waliijua kwenye mapango na nyufa za mbali, si nyuma ya jiko la mtu.

Aligusa kisikizi kilichokuwa sikioni mwake. "Mlinzi, niko kwa Bibi Subilaga. Unaona?"

"Naona," mashine ikamjibu, tulivu kama kawaida yake. "Hewa nzito inatoka ardhini. Hatari kwa mji ni ndogo."

Ndogo. Ndilo jibu alilopewa siku samaki walipoelea ziwani matumbo juu. Ndilo jibu alilopewa siku maji ya chini yalipoanza kupata joto. Kila alipouliza, hatari ilikuwa ndogo.

Alimwambia Bibi Subilaga akusanye nguo zake, ahamie kwa jirani wa juu, asirudi kibondeni kwa lolote. Kisha akashika njia ya kupanda ziwani, akipita chini ya ndege ndogo zisizo na rubani zilizokuwa zikibeba majani ya chai kwenda kiwandani. Wachumaji walimsalimia kwa mikono. Aliwajibu, akaharakisha ili wasimwone uso.

*

Ziwa Lupyana lilikaa juu ya mji wa Mwanzo kama beseni lililowekwa juu ya kabati. Lilijaa shimo la volkano, na upande mmoja ukingo wake ulikuwa umebomoka, ukaacha mlango mpana ulioelekea bondeni. Bondeni ndiko waumini wa Kanisa la Siku Sita walikojenga, tangu enzi za mababu. Walipanda chai na ndizi, wakaweka shule ambayo historia yake ilianza na Adamu, miaka kama elfu sita iliyopita, wala si siku moja kabla. Tusajigwe alizaliwa humo. Kanisa lilimpeleka chuo kikuu kusomea miamba, na alirudi na shahada yake na imani yake yote, watu wakampokea kwa tarumbeta.

Nyumba ya Mlinzi ilikuwa chumba kimoja cha mawe ukingoni mwa maji. Kutoka hapo nyuzi nyembamba kuliko unywele ziliteremka mpaka sakafu ya ziwa, zikihisi joto, mtikisiko na hewa iliyoyeyuka majini. Lakini kuhisi peke yake si kutabiri. Mlinzi alitabiri kwa kulinganisha: alisoma matope ya chini ya ziwa, tabaka baada ya tabaka, akajifunza ziwa lilivyofanya zamani, kisha akaangalia linafanya nini sasa. Sampuli ya matope hayo ilisimama ukutani ndani ya bomba la kioo, ndefu kupita mtu. Ilikuwa ya kijivu na nyeusi, na mistari myekundu tisa iliikata, mingine karibu karibu, mingine mbali.

Wazee wa kanisa walipokubali Mlinzi aletwe walitoa sharti moja. Tabaka lolote ambalo hesabu za mashine zingelipeleka nyuma ya Uumbaji lingesomwa kuwa la Gharika ya Noa, maana hakuna kingine kilichoweza kulaza matope mengi kiasi hicho. Sharti hilo liliitwa Muhuri. Tusajigwe ndiye aliyeuweka ndani ya kumbukumbu ya Mlinzi, na aliapa mbele ya waumini wote kwamba hatautoa. Aliapa kwa furaha. Alikuwa akiamini kila neno.

Sasa alisimama mbele ya bomba la kioo, kidole juu ya mstari mwekundu wa juu kabisa.

"Mlinzi, hii ni nini?"

"Ni Gharika."

"Na huu wa chini yake?"

"Ni Gharika. Yote tisa. Kwa mujibu wa Muhuri ni tukio moja la mwaka mmoja."

"Tukio hilo linaweza kurudi?"

"Kwa mujibu wa Muhuri haliwezi. Liliahidiwa kutorudi."

Tusajigwe mwenyewe ndiye aliyeandika amri hiyo, kwa nia njema, akifikiria upinde wa mvua. Hakuwa amefikiria kwamba mashine ingeichukua ahadi ya Mungu na kuifanya hesabu.

"Na bila Muhuri?"

"Swali hilo siwezi kulijibu mpaka uutoe."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya mawe. Alisali kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua anaomba nini: aruhusiwe, au azuiwe. Hakuna kilichomzuia. Akasimama, akataja jina lake kamili, Tusajigwe Mwakilema, akasema maneno ya kuutoa Muhuri.

"Mistari ni matukio tisa," Mlinzi akasema kwa sauti ile ile. "La karibuni lina miaka elfu saba na mia mbili. La mbali lina miaka elfu thelathini na nane. Kila mara hewa iliyofungwa chini ya ziwa ilifumuka, ikamwagika bondeni. Chini ya kila mstari mwekundu kuna maganda ya vijidudu vinavyopenda maji ya moto, kisha mifupa ya samaki, kisha mstari. Mpangilio haujabadilika."

"Na sasa?"

"Maji ya chini yamepata joto. Samaki wamekufa."

"Ni lini?"

"Ni suala la siku, si majuma. Zaidi ya hapo sijui."

"Ni watu wangapi wa mji walio kwenye njia ya hiyo hewa?"

"Wote."

Tusajigwe aliketi. Hofu ilikuja mara mbili, na aibu ikamshika kwa sababu ile ya kwanza haikuwa ya watu. Miaka elfu thelathini na nane. Kama namba ile ni kweli, Adamu alikuwa wapi? Nani alikuwa akitembea kando ya ziwa hili, na aliomba kwa nani? Alijiona kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba ya mama yake akasikia ukuta unasogea. Ndipo akamkumbuka Bibi Subilaga akirudi kwa kutambaa, na hofu ya pili ikaifukuza ya kwanza.

*

Mumewe Gwamaka, mwalimu wa shule ya mji, alikuwa akimenya ndizi alipoingia. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisu kilibaki mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Baba hatakubali," Gwamaka alisema. Baba yake, Mchungaji Anyosisye, ndiye aliyeuongoza mji. "Ukimtajia hiyo elfu thelathini na nane atafunga masikio kabla hujafika kwenye ziwa. Na wazee ni hivyo hivyo. Watakuuliza kiapo, watakaa kikao, na kikao kitakwenda juma zima."

"Nifanyeje sasa?"

Gwamaka aliweka kisu chini. "Sema umeota."

"Sikuota."

"Najua hukuota. Sema umemwona malaika anasimama juu ya ziwa, anawaelekeza watu ukingo wa mashariki, kule juu hewa isikofika. Tusa, unawajua watu wetu. Mama alipoota ghala linaungua, gunia la mwisho lilihamishwa kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyemwuliza ushahidi. Ukisema ndoto, kesho saa nne bonde halina mtu."

"Na ziwa lisipofumuka?"

"Utakuwa umeielewa vibaya ndoto. Nani hajawahi?"

"Na likifumuka?"

"Watu watakuwa hai!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Watoto wangu darasani watakuwa hai. Mimi sioni unachopima hapo."

Tusajigwe aliona wazi kwamba mumewe hakuwa mtu mwongo, na kwamba alichosema kingefanya kazi. Hilo ndilo lililomtisha.

"Leo nimevunja kiapo nilichomwapia Mungu," alisema. "Unataka nimtie na maneno mdomoni? Wakipona kwa ndoto yangu watakuja kuniuliza nimeota nini kabla hawajapanda, kabla hawajaoza binti. Na Muhuri utarudishwa, tena kwa shangwe, kwa sababu watasema Mungu anatuonya mwenyewe, matope ya nini? Na miji mingine ya kanisa, huko kwenye maziwa mengine, ina Mlinzi kama wetu mwenye Muhuri kama wetu. Huko nani ataota?"

"Huko tutawafikiria kesho. Leo ni hapa."

Tusajigwe alifunga kanga yake upya, akachukua kitambaa chenye kipande cha matope alichokikata kwenye sampuli, akatoka.

*

Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakuruhusiwa hata kuonana na baba mkwe. Akimwona njiani alijificha kwenye majani. Kanisa lilikuwa limeilegeza desturi hiyo, lakini tangu aolewe Tusajigwe hakuwahi kumtazama Mchungaji Anyosisye usoni, na mchungaji naye kila alilotaka kumwambia alimtuma Gwamaka. Kwa hiyo alipoingia peke yake kwenye ukumbi wa kanisa, mchungaji, aliyekuwa akisafisha tarumbeta za bendi, alishtuka, akasogea upande wa pili wa meza.

"Gwamaka anaumwa?"

"Hapana, baba. Nimekuja mwenyewe." Alipiga goti, macho sakafuni. "Nimeutoa Muhuri."

Mchungaji aliacha kusugua tarumbeta.

"Nani anajua?"

"Gwamaka. Na wewe sasa."

"Ungeweza kunyamaza."

"Niliapa mbele yako, baba."

Alimweleza yote: maji ya moto, samaki, mistari tisa, siku zilizobaki. Miaka hakuificha, ingawa sauti ilimpungua alipoitaja. Mchungaji alisikiliza akiwa amesimama. Hakukasirika. Alipoanza kusema, alisema kama mtu anayemfundisha binti yake.

"Nilipokuwa kijana mto Kiwira ulifurika kule Kyela. Maji yalipopungua nikachimba shimo shambani. Mafuriko ya siku moja, mwanangu, na matope yalikuwa na matabaka sita. Mchanga, udongo, mchanga, udongo. Maji yanayokimbia hujipanga yenyewe. Wasomi wangepita pale wangesema ni miaka elfu. Nilikuwepo mimi. Ilikuwa Alhamisi."

"Ni kweli, baba. Nimewafundisha watoto hivyo hivyo." Alifungua kitambaa, akasogeza kipande cha matope juu ya meza pamoja na kioo cha kukuzia. "Lakini hili si mchanga. Uzi huu mweusi, na huu, na huu. Ni jivu la nyasi. Ukitazama utaona mabua yaliyoungua. Yako kati ya kila mstari mwekundu na mwenzake, mara nyingi sana. Nyasi ziliota, zikakauka, zikaungua, upepo ukapeperusha jivu likaanguka ziwani. Kisha zikaota tena." Alisita. "Baba, kama ni Gharika moja, na dunia nzima ilikuwa chini ya maji, nyasi zilikauka wapi?"

Mchungaji alichukua kioo. Alikwenda dirishani kwenye mwanga wa alasiri, akatazama, akageuza kipande, akatazama tena. Nje wanakwaya wawili walipita wakicheka. Tusajigwe aliwasikia mpaka wakapotea, na mzee alikuwa bado dirishani.

"Unajua unachoniomba?" aliuliza bila kugeuka.

"Sikuombi uiamini miaka, baba."

"Unaniomba. Nikisema mistari hii ni tisa, si mmoja, Gharika imetoka hapa. Gharika ikitoka, watoto wataniuliza Noa aliishi wapi. Noa akitoka, Adamu anamfuata. Na Adamu akitoka, binti yangu, sisi tulianguka lini, na msalaba ulikuwa wa nini? Wewe unaona ni suala la matope. Mimi nimezika watu mji huu miaka yote, nikawaambia wajane wao watawaona tena. Niliwaambia hivyo kwa sababu kitabu kinachosema hivyo ni kweli kuanzia neno lake la kwanza."

"Hata mimi tangu asubuhi kila ninachokishika nakikuta kimelegea," Tusajigwe alisema, na machozi yakamtoka. "Nimekuja nikisali njia nzima. Sijui kama kuna aliyenisikia. Lakini kuku wa Bibi Subilaga wamekufa, baba, na mimi najua kwa nini."

Mchungaji Anyosisye alirudi mezani. Alikifunga kipande cha matope ndani ya kitambaa kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kitu cha marehemu.

"Nitawapandisha ukingo wa mashariki," alisema. "Nitaita mfungo na maombi. Sababu sitaitoa."

"Wataiuliza."

"Wakiuliza nitajua la kusema."

Alichukua tarumbeta iliyokuwa karibu, akatoka nayo mlangoni, akaipuliza mwenyewe.

*

Mji mzima ulipanda. Walibeba wagonjwa kwa machela, wakafunga maturubai kwenye miti, wakaimba. Siku ya kwanza ilikuwa kama sikukuu. Siku ya pili ikanyesha mvua ya ukungu isiyokatika, watoto wakaanza kukohoa. Chini yao ziwa lilikuwa limetulia, zuri kuliko kawaida, na zaidi chini mapaa ya mji yaling'aa kwa maji. Tusajigwe hakula wala kukaa. Alizunguka ukingoni, kisikizi sikioni, akiuliza swali lile lile, na Mlinzi akimpa jibu lile lile: bado, lakini karibu.

Siku ya tatu, adhuhuri, Mzee Ambakisye alisimama katikati ya maombi. Alikuwa mzee wa kanisa, fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai, mtu aliyeheshimiwa kwa sababu hakuwahi kusema neno la ziada.

"Mchungaji, tumefunga, tumeomba," alisema. "Ng'ombe wako zizini hawajakamuliwa. Mke wa Lwitiko anakaribia kujifungua, amelala kwenye matope. Hatukatai. Tunauliza tu. Mungu amesema nawe?"

Matone ya mvua yalisikika juu ya turubai.

Gwamaka, aliyekuwa kando ya Tusajigwe, alimshika mkono. "Aseme tu ndiyo," alinong'ona. "Tafadhali, baba, sema ndiyo."

Mchungaji Anyosisye aliwatazama waumini wake. Kisha akageuka, akamtazama mke wa mwanawe machoni, na Tusajigwe hakuinamisha uso. Aliona jinsi mzee alivyochoka, na jinsi neno moja tu lingemsaidia.

"Hapana," mchungaji alisema. "Mungu hajaniambia kitu. Nimemwomba aniambie na amenyamaza. Aliyeniambia ni mke wa Gwamaka. Anasema ziwa litafumua hewa itakayotuua wote, na amelisoma hilo kwenye matabaka tuliyomkataza kusoma. Ametoa Muhuri. Nilijua, nikawaleta hapa bila kuwaambia. Ni kosa langu."

Kelele zikalipuka. Wengine walilia, wengine walimtaja Tusajigwe kwa jina wakiuliza kama ni kweli, naye alijibu kwa sauti yote aliyokuwa nayo kwamba ni kweli, na kwamba wabaki, jamani, wabaki hata siku mbili. Mzee Ambakisye alingoja kelele zipungue.

"Matabaka ya miaka mingapi, binti?"

Angeweza kusema hajui. "Elfu thelathini na nane, mzee. La chini kabisa."

Ambakisye alitikisa kichwa kwa huzuni, bila dharau. "Basi ni ya dunia ambayo haikuwepo," alisema. Akavaa kofia yake, akamwita mkewe, akaanza kuteremka. Wengine walimfuata, familia moja moja, wakibeba sufuria na blanketi. Lwitiko na ndugu zake waliinua machela ya mkewe. Wengi walibaki, wengine kwa kumwamini Tusajigwe, wengi zaidi kwa sababu hawakuweza kumwacha mchungaji wao amesimama peke yake mvuani.

"Ungesema umeota," Gwamaka alisema. Hakungoja jibu. Alikimbia kuwafuata, akiita majina ya wanafunzi wake.

Walikuwa wamefika chini kwenye mashamba ya chai Mlinzi alipoongea bila kuulizwa.

"Maji ya chini yanapanda."

Tusajigwe alipiga kelele. Hakuna aliyemsikia kule chini. Mchungaji alipuliza tarumbeta, bendi nzima ikapuliza, na watu wadogo kama siafu kwenye njia ya chai wakasimama, wakageuka kutazama juu. Katikati ya ziwa maji yalivimba kama maziwa yanayotaka kuchemka. Yakapanda nguzo nyeupe, bila moto, na mshindo wake ulifika kwao umechelewa, mzito, ukapita kifuani. Kisha wingu jeupe likamwagika kupitia mlango wa ukingo, likateremka bondeni taratibu, likifuata mito na vijia kana kwamba linaijua njia. Lilifunika migomba ya Bibi Subilaga. Lilifunika shule. Juu yake ndege za chai ziliendelea kuruka, kwenda na kurudi, zikisubiri wachumaji.

Watu wa njiani walikuwa wakikimbia kupanda. Tusajigwe alimwona mmoja amembeba mtoto mgongoni. Aliona ukungu ukiwafikia wa nyuma, magotini, kiunoni. Halafu hakuona tena.

*

Upepo ulikuja siku iliyofuata, ukalisafisha bonde. Gwamaka alikuwa hai. Alitoka kwenye ukungu akitambaa na mtoto wa dada yake Ambakisye, na tangu hapo pumzi yake ilikuwa na mluzi. Mke wa Lwitiko aliokolewa na wale waliombeba, waliomkimbiza na machela mpaka juu. Lwitiko mwenyewe, aliyeshika upande wa nyuma, hakufika. Mzee Ambakisye na mkewe walikutwa wamekaa kando ya njia, mkono wa mmoja kwenye bega la mwenzake. Walikuwepo na wengine, na kila mmoja alizikwa kwa jina lake.

Waliopona hawakumshangilia Tusajigwe. Wengine walimshika mikono wakashindwa kusema. Wengine walibadili njia walipomwona. Dada yake Ambakisye alimwuliza mbele za watu kama ilikuwa lazima aitaje ile namba, na Tusajigwe alijibu kwamba aliulizwa. Usiku huo, na nyingine nyingi baadaye, alikuwa akiamka anajiuliza lile lile. Neno moja la uongo. Wangebaki. Gwamaka hakulirudia tena lile la ndoto, na hilo lilimuuma kuliko angelirudia.

Baada ya maziko ya mwisho Mchungaji Anyosisye alipanda mpaka nyumba ya Mlinzi, alikokuwa Tusajigwe. Ziwa lilikuwa limegeuka jekundu kama udongo wa tofali. Alipiga hodi, akaingia, akaketi kwenye benchi mbele ya bomba la kioo. Safari hii hakuweka meza kati yao.

"Siiamini hiyo miaka," alisema.

"Najua, baba."

"Sijui kama nitakuja kuiamini. Namwomba Mungu anifundishe jivu lile lilitoka wapi, na hajanifundisha." Alipapasa mfukoni, akatoa simu. Alibonyeza namba mara mbili kabla haijapatikana. Ilikuwa ya mchungaji mwenzake, kiongozi wa mji mwingine wa kanisa, kwenye ziwa jingine la volkano.

"Ndaga, ndugu yangu," alisalimu kwa Kinyakyusa simu ilipopokelewa. "Ndiyo, tumewazika. Asante. Sikiliza, sikukupigia kwa hilo. Nataka utoe Muhuri kwenye Mlinzi wako. Leo, ukiweza."

Sauti ya upande wa pili ikauliza kitu, kwa ukali, na ikauliza tena.

Mchungaji Anyosisye alimnyooshea Tusajigwe simu.

"Mweleze wewe," alisema. "Mimi nitakosea miaka."